Trotsky aliandika vizuri kuliko Stalin. Mbona alishindwa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasoma historia chuoni, mwaka wa pili. Kila kitabu ninachofungua kinasema Trotsky alikuwa mwandishi hodari kuliko viongozi wenzake wote wa Wabolsheviki, chama cha kikomunisti kilichotwaa Urusi mwaka 1917, na kwamba Stalin aliandika kama karani. Halafu vitabu hivyohivyo vinasema mwaka 1924 Trotsky aliandika utangulizi wa kitabu, na utangulizi huo ukamponza. Mtu anaangukaje madarakani kwa sababu ya utangulizi? Na kama vita ilikuwa ya maandishi, ilikuwaje mwandishi dhaifu akamshinda mwandishi hodari? Nina insha ya kuandika juu ya jambo hili na sijui nianzie wapi.

JIBU: Marahaba. Kinachokutatiza ni dhana moja iliyojificha ndani ya swali lako: kwamba viongozi wa chama cha kikomunisti waliandika ili kumshawishi msomaji. Mara nyingi haikuwa hivyo. Makala ya gazetini, hotuba iliyochapwa, utangulizi wa kitabu, hata tamthilia juu ya ofisa wa karne ya 16, vyote vilitumika kuwalazimisha wanachama waseme hadharani wako upande wa nani, na kuweka kumbukumbu ambayo ingefunguliwa siku mtu anapotakiwa kuondoka. Katika vita ya namna hiyo ufundi wa lugha unasaidia kidogo tu. Kinachoamua ni nani anashika gazeti, nani ana ufunguo wa kabati la nyaraka, nani anapanga tarehe ya kuchapa, na nani anaweza kuitisha mikutano ya matawi nchi nzima ili maazimio ya kulaani yapite kabla mlaaniwa hajajibu. Trotsky alikuwa na kalamu. Hivyo vingine vyote vilikuwa mikononi mwa Stalin na washirika wake wa wakati huo.

Kwanza ujue kwa nini ugomvi wa madaraka ulipitia kwenye vitabu. Machi 1921 Mkutano Mkuu wa 10 wa chama ulipiga marufuku makundi ndani ya chama. Tangu hapo, mwanachama aliyetaka kuwapinga viongozi hakuweza kuunda kambi wala kupanga safu ya wagombea. Angefukuzwa kwa kosa la kugawa chama. Kilichobaki halali kilikuwa mjadala juu ya nadharia na historia. Basi chuki zote, hofu zote na tamaa zote zikabidi zivae kanzu ya nadharia. Aliyetaka kusema "Zinoviev hafai kuongoza", yaani mmoja wa wakubwa wa chama, alilazimika kuandika kurasa nyingi kuhusu mwaka wa mapinduzi, 1917.

Tarehe 21 Januari 1924 Lenin, kiongozi wa Wabolsheviki, akafa. Hakuacha mrithi, aliacha maandishi, na maandishi hayo yakawa ndiyo urithi unaogombewa. Kila mkubwa akawa mfasiri wa Lenin. Zinoviev aliandika kitabu kizima kiitwacho "Ulenini", Stalin akatoa mihadhara juu ya misingi ya Ulenini, na Bukharin, mwananadharia wa chama, naye, katika hotuba ya kumbukumbu ya Januari 1929, alizungumzia wosia wa kisiasa wa Lenin kwa maana yake mwenyewe.

Lakini wosia halisi ulikuwepo, na kisa chake kitakujibu nusu ya swali. Kati ya tarehe 23 Desemba 1922 na 4 Januari 1923, akiwa amepooza upande mmoja, Lenin aliwatamkia makatibu wake, wakaandika, barua kwa ajili ya Mkutano Mkuu. Aliwapima wakubwa mmoja baada ya mwingine. Alisema Stalin, tangu awe Katibu Mkuu, amekusanya madaraka makubwa mno, na kwamba yeye Lenin hana hakika kama Stalin atayatumia kwa uangalifu. Katika nyongeza ya Januari akapendekeza aondolewe kwenye cheo hicho kwa sababu ya ukorofi wake. Kwa Trotsky alisifu uwezo na kulaumu kujiamini kupita kiasi. Zinoviev na mwenzake Kamenev aliwakumbusha kisa chao cha Oktoba 1917 (nitakieleza mbele), akisema hakikuwa cha bahati mbaya, ingawa akaongeza kuwa wasishutumiwe kwacho binafsi.

Mapinduzi ya Urusi hayakuzaa maandishi mengine makali kama hayo, wala yenye mwandishi mwenye heshima zaidi. Yalifanya nini? Hayakufanya kitu. Krupskaya, mjane wa Lenin, aliyakabidhi kwa chama Mei 1924, siku chache kabla ya Mkutano Mkuu wa 13. Iliamuliwa barua isomwe kwa wajumbe wa kila mkoa peke yao, isichapwe, wala isijadiliwe ukumbini. Zinoviev na Kamenev walimtetea Stalin abaki, kwa kuwa waliyemwogopa alikuwa Trotsky, na barua yenyewe iliwagusa pabaya. Trotsky alikaa kimya.

Kimya hicho kilimgharimu mara mbili. Mwaka 1925 Mmarekani Max Eastman, aliyekuwa rafiki yake, alichapa nje ya nchi habari za barua ile. Politburo, kamati ndogo ya wakubwa wa chama, ikamtaka Trotsky aikanushe, naye akaandika katika jarida la Bolshevik kwamba maneno kuhusu "wosia" uliofichwa ni uzushi wa maadui. Oktoba 1927, pale upinzani ulipodai barua itolewe hadharani, Stalin alisimama mbele ya Kamati Kuu akasoma kanusho hilo, neno kwa neno, kutoka kwa Trotsky mwenyewe. Kisha akakiri kwa kujiamini kabisa: ndiyo, mimi ni mkorofi, kwa wale wanaokibomoa chama. Wanachama wa kawaida wa Urusi waliipata barua kamili kwa uwazi mwaka 1956 tu. Kwa maoni yangu hakuna somo zuri zaidi la jinsi mambo yalivyokwenda: barua ya Lenin mwenyewe ilizimwa kwa utaratibu wa kikao, na kanusho la Trotsky likawa silaha kwa sababu lilikuwa limechapwa.

Sasa kuhusu Stalin kuandika kama karani. Ni kweli, lakini hilo lilikuwa na faida. Baada ya kifo cha Lenin chama kilifungua milango kwa wafanyakazi wa viwandani, na katika miezi michache wakaingia zaidi ya watu 200,000. Wengi walikuwa na elimu ndogo. Hawakujua nani alibishana na nani London mwaka 1903. Walihitaji kitu kifupi cha kuwaambia Ulenini ni nini. Aprili 1924 Stalin alitoa mihadhara yake katika Chuo Kikuu cha Sverdlov, Pravda, gazeti la chama, ikaichapa Aprili na Mei, naye akaitabaruku kwa wanachama hao wapya. Imepangwa kwa vichwa na namba. Anauliza swali, anajibu, anarudia jibu, anafunga kwa nukuu ya Lenin. Alisoma seminari ya makasisi ya Tiflis, na inaonekana. Msomi aliyezoea Trotsky alisinzia ukurasa wa tatu. Katibu wa tawi huko Urali, mwenye kikao cha jioni na watu waliochoka, alipata kitu cha kusoma kwa sauti. Na makatibu wa namna hiyo, wengi wao, waliteuliwa au kuhamishwa na ofisi ya nani? Ya Katibu Mkuu.

Kuna jambo linalochekesha kidogo hapa. Katika toleo la kwanza la mihadhara hiyo, Stalin alisema juhudi za nchi moja, hasa nchi ya wakulima kama Urusi, hazitoshi kuujenga ujamaa hadi ushindi wa mwisho. Ilipofika Desemba 1924 alikuwa tayari anahubiri ujamaa katika nchi moja, na matoleo yaliyofuata yakarekebishwa. Wapinzani walipomtupia sentensi yake ya zamani, alijibu Januari 1926 kwamba kauli ile ilikuwa na upungufu na ameshaisahihisha, basi, yakaisha. Trotsky hakupata kamwe nafasi ya kusahihisha chochote alichokiandika.

Tufike kwenye utangulizi wenyewe. Septemba 1924 Trotsky alikuwa Kislovodsk, mji wa chemchemi huko Kaukazi, akitibiwa homa isiyokwisha. Alikuwa anaandaa juzuu ya 3 ya maandishi yake, yenye hotuba na makala za 1917, akaiandikia utangulizi mrefu alioupa jina "Masomo ya Oktoba". Kwa juu ni uchambuzi wa historia: chama cha mapinduzi hupatwa na woga saa ya kuchukua madaraka inapofika, na woga huo huanzia kwa viongozi. Mifano yake ilikuwa na majina. Oktoba 1917 Zinoviev na Kamenev walipiga kura kupinga uasi wa kutwaa madaraka, na Kamenev akautangaza upinzani wao katika gazeti lisilo la chama, jambo lililomfanya Lenin awaite wavunja mgomo na kutaka wafukuzwe. Mfano wa pili ulikuwa Ujerumani, ambako mapinduzi yaliyotazamiwa Oktoba 1923 yalishindwa bila kuanza vizuri. Kila msomaji wa Moscow alijua nani alikuwa mwenyekiti wa Kominterni, umoja wa vyama vya kikomunisti duniani: Zinoviev.

Kama maandishi, yamesukwa vizuri sana, na karibu kila alichosema juu ya 1917 kilikuwa kweli. Kama hatua ya vita lilikuwa kosa la kushangaza. Alimwacha Stalin karibu bila kumgusa, akawachoma watu wawili ambao, kwa kuchomwa huko, wasingekuwa na njia ila kumkumbatia Stalin zaidi. Kubwa zaidi, aliweka kanuni kwamba mtu apimwe kwa alichosema na kuandika zamani. Kwa mtu aliyeingia chama cha Wabolsheviki Agosti 1917, baada ya miaka kumi na zaidi ya kumrushia Lenin maneno, hiyo ilikuwa kanuni ya kujinyonga. Mshika makali hagombani na mshika mpini.

Mpini ulifanya kazi haraka. Tarehe 2 Novemba Pravda, ambayo mhariri wake alikuwa Bukharin, ilitoa makala isiyo na jina la mwandishi ikieleza jinsi historia ya Oktoba isivyopaswa kuandikwa. Tarehe 18 Kamenev alihutubia, tarehe 19 akafuata Stalin, na hotuba zote mbili zikachapwa Pravda siku moja, tarehe 26. Mwisho wa mwezi akaja Zinoviev. Desemba hata Krupskaya aliandika, kwa upole, lakini dhidi ya Trotsky. Matawi yalipitisha maazimio, na majibu yote yakakusanywa katika vitabu vilivyosambazwa kwa wingi. Neno "Utrotsky" likapewa maana ya itikadi kamili inayopingana na Ulenini. Kwa mujibu wa Trotsky na wenzake, Zinoviev mwenyewe alikiri miaka miwili baadaye kwamba ufundi ulikuwa kuunganisha tofauti za zamani na ugomvi mpya.

Isome hotuba ya Stalin ya tarehe 19 kwa makini. Ndani yake anasema Trotsky hakuwa na nafasi yoyote ya pekee katika uasi wa Oktoba, na anatoa kumbukumbu za kikao cha tarehe 16 Oktoba 1917 zenye "kituo" cha watu watano, yeye akiwamo, Trotsky hayumo. Miaka sita nyuma, tarehe 6 Novemba 1918, Stalin huyohuyo aliandika katika Pravda kwamba kazi yote ya vitendo ya kuupanga uasi ilifanyika chini ya uongozi wa moja kwa moja wa Trotsky. Maneno hayo yaliondolewa makala hiyo ilipochapwa upya katika mkusanyo wa maandishi yake miaka ya 1940.

Kisha likaja pigo la kabatini. Mwaka 1913 Trotsky alimwandikia Chkheidze, kiongozi wa Wamensheviki, mahasimu wa Wabolsheviki, barua ya hasira akisema jengo zima la Ulenini limesimama juu ya uongo na kughushi. Polisi wa Tsar waliinasa, ikabaki kwenye nyaraka zao. Tarehe 9 Desemba 1924 Pravda iliichapa. Mwanachama mpya hakuangalia mwaka. Aliona maneno hayo yakitoka kwa Trotsky miezi kumi na moja baada ya kumlilia Lenin. Trotsky aliandika majibu marefu, "Tofauti Zetu", kisha hakuyachapa. Alikuwa mgonjwa, na kila jibu lingehesabiwa kuwa ni kuendeleza mgawanyiko. Januari 1925 aliondoka kwenye wizara ya vita, ambayo aliiongoza tangu 1918.

Kwa hiyo utangulizi haukumwangusha peke yake. Alikwisha kushindwa kwenye mkutano wa chama wa Januari 1924, na vyeo vilikuwa vimeshajazwa watu wengine. Utangulizi ulitoa tarehe, kisingizio na mada.

Waliomfuata niwapitie haraka, maana ni wimbo uleule. Zinoviev aligeuka mpinzani mwaka 1925 akiwa na gazeti la Leningrad mkononi; baada ya kushindwa Mkutano Mkuu wa 14 mwezi Desemba, gazeti lilibadilishiwa mhariri na mji ukamponyoka. Septemba 1927 yeye na Trotsky, sasa wakiwa pamoja, walinyimwa nafasi ya kuchapa ilani yao, wakaikabidhi kwa vijana waliokuwa na mashine ya kurudufu. Polisi wa siri waliivamia na kutangaza kuwa ofisa wa zamani wa jeshi la Wrangel, jenerali aliyepigana na Wabolsheviki, anahusika. Ikaja kujulikana ofisa huyo ni mtu wao wenyewe. Bukharin aliiongoza Pravda kwa zaidi ya miaka kumi, lakini alipochapa "Maandishi ya Mchumi" tarehe 30 Septemba 1928, kupinga sera ya kuwakamua wakulima, ilibidi ajifanye anawasema wafuasi wa Trotsky. Jina la Stalin halimo. Waliokuwa karibu na madaraka walielewa, wakamwonya kwa kuchapa bila ruhusa. Walioko mikoani hawakujua kuna ugomvi. Mwaka 1938 mlango ukafungwa kabisa kwa kitabu kimoja rasmi cha historia ya chama, kilichotoka kwa mfululizo Pravda mwezi Septemba na kufikia nakala zaidi ya milioni 40 kabla Stalin hajafa.

Usidhani ni ugonjwa wa Urusi pekee. China inaonyesha upande mwingine: nini hutokea kiongozi mkuu mwenyewe anapokosa gazeti la mji mkuu. Mwanahistoria Wu Han, naibu meya wa Beijing, aliandika tamthilia juu ya Hai Rui, ofisa mwadilifu wa enzi ya Ming aliyefukuzwa kazi, nayo ikachezwa mwaka 1961. Tarehe 10 Novemba 1965 gazeti la Wenhui Bao la Shanghai lilitoa makala ya Yao Wenyuan kuishambulia. Jiang Qing, mke wa Mao, aliipanga kwa siri kwa miezi kadhaa. Peng Zhen, meya wa Beijing na mlezi wa Wu Han, alizuia magazeti yake yasiirudie, akitaka jambo libaki la kitaaluma. Mao akaamuru ichapwe kijitabu. Gazeti la Beijing lilisalimu amri tarehe 29, Gazeti la Umma, gazeti kuu la chama, tarehe 30, bado likiiweka kwenye kurasa za mijadala ya kitaaluma. Desemba Mao alitamka kiini chake: mfalme alimfukuza Hai Rui, nasi mwaka 1959 tulimfukuza Peng Dehuai (aliyekuwa waziri wa ulinzi), na Peng Dehuai ndiye Hai Rui. Mei 1966 Peng Zhen alikuwa ameshaanguka, na Mapinduzi ya Utamaduni yameanza. Wu Han alifia gerezani mwaka 1969.

Wazee waliokuwa vijana Dar es Salaam na Unguja zama hizo wanakikumbuka kijitabu chekundu cha nukuu za Mao, ambacho Beijing ilikitoa hata kwa Kiswahili. Ukikuta nakala ya China iliyonyofolewa kurasa za mwanzo, usidhani ni panya. Hapo palikuwa na dibaji ya Lin Biao, mrithi mteule wa Mao, na baada ya yeye kufa akikimbia kwa ndege Septemba 1971, watu waliichana.

Baada ya Mao kufa, upande wa Deng Xiaoping, aliyegombea uongozi na mrithi wa Mao, Hua Guofeng, nao ulitumia njia hiyohiyo. Tarehe 11 Mei 1978 gazeti la Guangming lilitoa makala isemayo kuwa vitendo ndicho kipimo pekee cha ukweli, iliyoanzwa na mwalimu wa falsafa wa Nanjing, Hu Fuming, ikanolewa na watu wa Hu Yaobang katika Shule Kuu ya Chama. Iliwekwa jina la "mchambuzi maalumu" ili isipitie kwa wakubwa wa itikadi ambao wangeizuia. Kifalsafa haina jipya. Kila mwanafunzi wa Umarksi alishasikia hayo. Lakini makamanda wa majeshi na wakuu wa mikoa walianza kutangaza, mmoja mmoja, kwamba wanaikubali, na kila aliyetangaza alikuwa amemwacha Hua Guofeng. Hua alikuwa amesimama juu ya ahadi ya kufuata lolote aliloamua Mao.

Kuhusu insha: usianze kwa kuuliza nani alikuwa na hoja nzuri. Weka mezani "Masomo ya Oktoba" na hotuba ya Stalin ya tarehe 19 Novemba 1924. Chora kalenda ya Novemba na Desemba, kila makala kwenye siku yake, na pembeni andika gazeti gani, mhariri nani, na kama Trotsky alikuwa na nafasi ya kujibu siku hiyo. Halafu fanya hivyohivyo kwa siku 20 kati ya makala ya Shanghai na ile ya Gazeti la Umma mwaka 1965. Katika siku hizo 20 utaona nani alikataa kuchapa, nani alingoja, na nani aliharakisha. Insha yako imo humo kuliko ndani ya makala yenyewe, ambayo kusema kweli inachosha kuisoma.